Jinsi ya kuandika maelezo ya balsamu ya mwituni: mwongozo kamili, kutoka kijitoni hadi hebaria

Balsamu, mmea laini wa maua, ikikaushwa vibaya na kubandikwa kwenye karatasi ya hebaria (maktaba ya mimea iliyokaushwa), naitambua kabla sijasoma lebo. Majani yamepukutika, shina limeoza likawa jeusi, na pale palipokuwa na ua pamebaki doa la kahawia. Chini yake mtu ameandika: "Ua la waridi, petali tatu, linapendeza." Tangu masika yaanze nimeletewa kadhaa za namna hiyo na wapenzi wa mimea wa hapa Nairobi. Ni watu wenye bidii, walioamka alfajiri, wakapanda matatu hadi Limuru na zaidi, wakarudi na tope hadi magotini. Inaniuma kuona safari nzima imeishia kwenye doa.

Wote wanakosea jambo lile lile: wanasubiri kufika nyumbani ndipo waandike. Tawi la mgunga unaweza kulikausha leo ukalisoma mwaka ujao, na bado likakueleza karibu kila kitu. Balsamu haikupi nafasi hiyo. Mwili wake ni maji matupu, na ua lake likishabanwa kwenye magazeti, sehemu zake hushikamana zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya sharti moja: ua lisomwe likiwa bichi, pale pale lilipochumwa, kwa wembe na rula.

Ninaposema balsamu nina maana ya mimea ya jenasi Impatiens, yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani, na zaidi ya 100 kati ya hizo ni za Afrika. Ile ya kwenye vyungu, inayouzwa na wauza miche kando ya barabara zetu, asili yake ni Impatiens walleriana, mmea wa mwituni wa hapa kwetu Afrika Mashariki hadi Msumbiji.

## Vifaa vya kubeba

Andaa hivi usiku wa kuamkia safari:

- Daftari gumu na penseli mbili. Kalamu ya wino huyeyuka ukungu ukishuka.
- Rula fupi inayosomeka milimita, na kipande cha uzi mwembamba mweupe chenye urefu wa kiganja.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Wembe mpya, sindano ya kushonea, na kibano chembamba.
- Kadi nyeupe ngumu na nyeusi, kila moja ukubwa wa kiganja, pamoja na gundi ya utepe inayoonyesha.
- Kopo la chakula lenye kifuniko, ndani yake kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa.
- Chupa ndogo mbili za kioo zenye spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70 inayouzwa kwenye duka la dawa.
- Magazeti ya zamani, vipande vya kadibodi, mbao mbili na mikanda ya kubania.
- Karatasi laini ya chooni. Usiidharau, nitakuonyesha kazi yake.
- Bahasha ndogo za karatasi kwa ajili ya mbegu.
- Simu yenye kamera na GPS.

Mifuko ya plastiki ya kubebea iache. Imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi ndani ya misitu na mbuga zinazohifadhiwa, hata chupa ya maji ya dukani. Kopo la chakula linafanya kazi vizuri kuliko mfuko kwa sababu halibonyei, na balsamu ikibonyezwa tu imeharibika.

## Ruhusa kwanza

Msitu wa Karura, Msitu wa Ngong Road na Arboretum ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kulipa kiingilio getini kunakuruhusu kutembea. Hakukuruhusu kuchuma. Ukitaka kuchukua hata tawi moja, omba ruhusa ya maandishi kwa ofisi ya msitu husika, na kama kazi yako ni ya utafiti, utahitaji pia leseni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Anza mapema.

Usipopata ruhusa, hatua ya 1 hadi ya 4 bado unaweza kuzifanya bila kung'oa chochote, ila tu kipimo cha jani uchukue likiwa bado shinani. Ua lililoanguka lenyewe nalo linafundisha mengi.

## Hatua ya 1: Jifunze kwa mmea wa chungu

Nunua mche mmoja wa balsamu kwa muuza miche wa mtaani kwako. Uweke dirishani wiki moja. Chuma ua moja kila asubuhi na ulifungue kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 5, hadi uweze kutaja sehemu zake zote bila kutazama popote.

Sababu ni hii: ukiwa kando ya kijito, miguu imelowa na mvua inanyemelea, huna nafasi ya kujifunza. Vidole viwe vimeshazoea. Nimeona mtu akipasua maua manne ya mmea uliokuwa na maua matano, akitafuta tu mahali pa kuanzia.

Ujue hata hivyo kwamba mmea wa chungu umezalishwa na wakulima wa maua kwa vizazi vingi. Mingine ina petali za ziada kama waridi dogo; hiyo usinunue. Chagua wenye ua bapa la kawaida, wenye mkia mwembamba nyuma.

Umefaulu ukiweza: kufungua ua moja kwa dakika kumi, ukapanga sehemu zote kwenye kadi bila kuchana hata moja.

## Hatua ya 2: Tafuta, kisha hesabu kabla ya kugusa

Balsamu za mwituni hupenda unyevu na kivuli: kingo za vijito, miamba inayodondoka maji, kando ya njia za msitu wa milimani. Kutoka Nairobi, misitu ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kimende, kama Kereita, ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda mvua zikiwa zimeshakolea, wala si siku ya kwanza ya mvua.

Ukiipata, simama. Hesabu mashina yaliyo karibu. Mimi nina kanuni yangu: nikiona chini ya 20, sichumi, napiga picha, naandika, naondoka. Zipo balsamu Afrika Mashariki zinazoota kwenye kilima kimoja au safu moja ya milima tu, na unapokutana na mmea usioujua huwezi kujua kama umesimama mbele ya mojawapo ya hizo.

Chagua mmea wenye vitu vinne kwa pamoja: tumba ambalo halijafunguka, ua changa, ua lililokomaa, na tunda. Usiupende ule mrembo kuliko wote. Wenye maua mengi wakati mwingine hauna tunda hata moja, na bila tunda maelezo yako yatakuwa na pengo.

## Hatua ya 3: Andika mahali

Kabla ya kuchuma, andika tarehe, jina la msitu, umbali kutoka mahali panapojulikana, nambari za GPS, na mwinuko kwa mita. Kisha andika makazi ya mmea: umeota kwenye tope, kwenye mwamba, au kwenye gogo lililooza? Kivuli ni kizito au jua linapenya? Maji yako umbali gani? Mimea jirani ni ipi?

"Kijitoni, Kereita" haitoshi. Mtu atakayefuata miaka ishirini baadaye lazima aweze kusimama pale uliposimama.

Piga picha ya mmea mzima ukiwa na rula kando yake, kisha majani kwa juu na kwa chini, kisha ua kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Picha ya ubavu ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha mkia.

## Hatua ya 4: Shina na majani

Anza chini kupanda juu.

Shina: urefu, limesimama au limetambaa, lina matawi au halina. Je, vifundo vya chini vimetoa mizizi? Pingili, yaani sehemu kati ya kifundo na kifundo, zina urefu gani? Shina la balsamu huwa laini, limejaa maji, na mara nyingi ukiliinua kwenye mwanga unaona nyuzi zake kwa ndani. Andika rangi, kwa kuwa wekundu wa kwenye vifundo hupotea likikauka. Tazama kwa lenzi kama lina vinyweleo.

Mpangilio wa majani ni jambo kubwa sana kwenye kundi hili. Yamepishana kwa mzunguko kulizunguka shina? Yamekaa mawili mawili yakitazamana? Au yametoka mengi kwenye kifundo kimoja, kama vijiti vya mwavuli? Impatiens sodenii, yenye maua makubwa meupe au ya waridi hafifu na inayopandwa kwenye bustani nyingi za Nairobi, utaijua kwa mpangilio huo wa mwavuli hata kabla haijatoa ua.

Onyo: tazama katikati ya shina. Nchani, pingili huwa fupi mno, na majani yaliyopishana huonekana kana kwamba yametoka pamoja. Karatasi kadhaa nilizoletewa zimeandikwa "majani ya mwavuli" wakati picha inaonyesha wazi kuwa yamepishana.

Sasa pima majani matano, madogo na makubwa, yaliyokomaa. Pima ubapa, yaani sehemu pana ya jani, kwa urefu na upana, kisha kikonyo peke yake. Andika umbo lake, ncha yake, na kitako chake. Hesabu jozi za mishipa ya pembeni. Tazama meno ya ukingo: ni makali kama ya msumeno au ni butu?

Halafu weka lenzi pale ubapa unapokutana na kikonyo. Balsamu nyingi zina vitezi vidogo pale, kama vichwa vya pini vyenye shingo. Hesabu vingapi kila upande, kwa sababu jani likikauka huanguka au huonekana kama vumbi.

Umefaulu ukiwa na: vipimo vitano vya kila kitu, si kimoja. Kipimo kimoja kinaeleza jani lile tu.

## Hatua ya 5: Fungua ua

Hapa ndipo pa kukaa kitako. Tafuta jiwe, tandika kadi nyeusi juu ya paja, na weka saa moja kando kwa ajili ya maua matatu.

Juzi nilikuwa na mwanafunzi mmoja kando ya maji. Alilitazama ua kwa muda, akasema, "Mwalimu, petali ni tatu. Nimehesabu mara mbili." Nikamwambia alishike kwa kibano, alipulize kwa pumzi taratibu, kisha apitishe ncha ya sindano kwenye ukingo wa petali ya pembeni. Sindano ikaingia kwenye mfereji. Petali ile moja ilikuwa mbili zilizoungana kwenye kitako. Akacheka kwa furaha, akafuta tatu, akaandika tano.

Ua la balsamu limejengwa hivi, na ukilijua jengo hili hutapotea.

Sepali, yaani vijani vya nje vya ua. Kwa kawaida ni tatu. Mbili ni ndogo sana, kila moja upande wake mahali kikonyo kinapokutana na ua, za kijani au zilizopauka, mara nyingi milimita chache tu. Spishi chache zina jozi ya pili, kwa hiyo tafuta vizuri. Ya tatu ni kubwa, ina rangi kama petali, na ndiyo inayoendelea nyuma kuwa mkia wenye maji matamu. Wengi huiita petali ya sita. Ni sepali.

Hata mahali pake panadanganya. Ua linapokua, kikonyo hujipinda, na ua zima hugeuka juu chini. Sepali yenye mkia, iliyoanza juu kwenye tumba changa, ndiyo unayoiona chini ua likifunguka.

Petali. Ni tano. Moja iko juu, peke yake, na mara nyingi ina ukingo uliosimama mgongoni kama kishungi. Nne zilizobaki zimeungana mbili mbili, jozi moja kila upande. Katika kila jozi kuna ya juu na ya chini. Kwenye Impatiens walleriana, ambayo ua lake ni bapa, macho huona tano mara moja lakini hukosa kuona muungano. Kwenye zile ambazo jozi zimeshikana sana, macho huona tatu. Amini sindano.

Fanya kazi kwa mpangilio huu:

1. Tazama ua zima kwa mbele na upime upana na kimo chake.
2. Andika rangi ya kila sehemu, na madoa au mistari ya kooni. Linganisha na kitu kinachojulikana: "waridi kama nyama ya pera lililoiva" inasaidia kuliko "waridi nzuri".
3. Pima mkia. Mkia ukiwa umepinda, usiunyooshe, utakatika. Upime kwa uzi: weka ncha ya uzi kwenye mdomo wa mkia, ufuate mkunjo hadi mwisho, ubane kwa ukucha, kisha unyooshe uzi juu ya rula. Andika pia kama mkia umeanza ghafla, mwembamba toka mwanzo, au sepali imepungua polepole mithili ya faneli.
4. Ng'oa sepali mbili ndogo kwa kibano. Ziweke kwenye kadi nyeusi mara moja. Kwenye ua lililokauka hutaziona tena.
5. Ng'oa petali ya juu, pima urefu na upana.
6. Ng'oa kila jozi ya pembeni kutoka kitako chake, bila kuitenganisha. Pima jozi nzima, kisha ya juu na ya chini kila moja peke yake.
7. Pasua sepali yenye mkia kwa wembe, kutoka mdomoni hadi pale mkia unapoanza. Pima kina cha sehemu pana. Ni bapa kama mtumbwi, au ina kina kama ndoo?

Umbo hilo la sepali usilipitie haraka. Impatiens niamniamensis ina mfuko mnene na mkia mfupi uliojikunja, na ndege aina ya chozi huifuata. Zile zenye sepali bapa na mkia mrefu mwembamba, mdomo wa chozi haufai pale. Wadudu wenye ulimi mrefu, kama vipepeo, ndio wanaofika kwenye maji matamu. Ukiandika "ina mkia" tu, umefuta tofauti yote hiyo.

Panga sehemu zote kwenye kadi nyeupe kwa mpangilio zilivyokaa uani, bandika utepe juu, na andika nambari ya mmea. Kwa ua la pili rudia. La tatu liache zima kwa ajili ya hatua ya 7.

Onyo: fanya hivi kivulini. Petali iliyong'olewa hunyauka ukiwa bado unanoa penseli, na ikinyauka inapungua. Vipimo vya jua la mchana vimenidanganya zaidi ya mara moja.

Umefaulu ukiwa na: vipande sita kwenye kadi. Sepali ndogo mbili, sepali yenye mkia, petali ya juu, jozi mbili. Vikipungua, rudi kwenye kikonyo utafute. Karibu kila mara kilichokosekana ni sepali ndogo.

## Hatua ya 6: Ndani ya koo, na tunda

Baada ya petali kuondoka, kinachobaki katikati ni kikofia cheupe. Hizo ni stameni tano, sehemu za kiume za ua, zimeungana kwa juu na kufunika ovari, kifuko cha mbegu, kabisa. Ua la balsamu huanza likiwa dume: hutoa chavua kwanza. Baadaye kikofia chote kinaanguka kwa pamoja, na chini yake inajitokeza ovari ya kijani, sasa stigma iko tayari kupokea chavua.

Ndiyo maana niliomba ua changa na lililokomaa. Anayetazama moja tu huandika "halina stameni" au "halina ovari", na yote mawili si kweli. Ovari ikijitokeza, ikate kwa upana katikati kwa wembe na uhesabu vyumba kwa lenzi. Tarajia vitano.

Tunda huwa la kijani, nene katikati. Jina la Kilatini la jenasi lina maana ya asiye na subira, na limetokana na tunda hili. Likiiva, kugusa kidogo tu kunatosha: kuta zake tano huachana na kujikunja kwa ghafla, mbegu zikaruka. Kwa hiyo pima kwanza tunda lisiloiva bado, likiwa kwenye mmea. Kisha liendee lililovimba, livishe bahasha ya karatasi kabla hujaligusa, ubane mdomo wa bahasha, ndipo uliminye. Mbegu zitabaki ndani. Andika umbo lake, rangi, na kama zina vinyweleo au ni laini.

## Hatua ya 7: Kukausha bila kuozesha

Nyumbani, siku hiyo hiyo, chemsha maji kwenye sufuria. Shika mmea kwa sehemu ya juu, uzamishe shina na majani ya chini tu kwa sekunde chache, uepushe maua. Shina la balsamu likibanwa likiwa hai huendelea kuishi ndani ya magazeti kwa siku kadhaa na kuangusha majani moja baada ya jingine. Maji ya moto hulimaliza mara moja. Shina nene lipasue kwa urefu.

Futa maji, panga mmea kwenye gazeti, geuza jani moja lionyeshe upande wa chini. Maua yaweke kati ya vipande viwili vya karatasi laini ya chooni, na usiifungue hadi ikauke kabisa. Karatasi hiyo hunyonya maji na haishikani na gazeti.

Ua moja zima na tumba moja vitie kwenye chupa ya spiriti. Rangi itatoka ndani ya muda mfupi, ndiyo maana uliiandika mapema, lakini umbo litabaki. Lebo ya penseli iingie ndani ya chupa, si nje.

Badilisha magazeti kila siku, na siku mbili za kwanza mara mbili kwa siku. Mwezi wa Julai Nairobi ni baridi na mawingu, na magazeti hayakauki yenyewe. Weka kibanio karibu na joto la jiko, mbali na moto.

Umefaulu: shina likivunjika kwa sauti badala ya kupinda, na ua likikaa kwenye karatasi yake laini likiwa na sehemu zinazotenganika kwa macho.

## Hatua ya 8: Sasa andika

Fuata mpangilio ule ule wa wanabotania: umbile la mmea, shina, majani, jinsi maua yalivyokaa, sepali, petali, stameni, ovari, tunda, mbegu, makazi. Usichanganye. Anayelinganisha mimea kumi huruka moja kwa moja hadi kwenye mkia, na anataka kuukuta mahali pake.

Andika kipimo cha chini hadi cha juu, kwa kitengo kimoja kwa kila sehemu. Acha maneno "kubwa", "ndogo" na "nzuri". Kitu ambacho hukukiona, andika "hakikuonekana". Usikikope kitabuni kujaza pengo, kwa sababu hapo unaeleza mmea wa mtu mwingine.

Hivi ndivyo nilivyoandika mmoja, kutoka ukingo wa kijito penye kivuli kizito, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari:

> Mmea laini usio na mti, kimo sm 35–50, umesimama, vifundo vya chini vimetoa mizizi. Shina limejaa maji, jekundu kwenye vifundo, halina vinyweleo. Majani yamepishana kwa mzunguko, yamesongamana nchani. Kikonyo mm 10–35, vitezi vyenye shingo 1–2 kila upande. Ubapa wenye umbo la yai, sm 4–9 × 2–4.5, ncha iliyochongoka, meno butu, jozi 6–8 za mishipa. Maua 1–2 kwapani mwa jani, bila kikonyo cha pamoja. Kikonyo cha ua mm 20–35. Ua la waridi hafifu, doa la zambarau kitakoni mwa petali ya juu. Sepali za pembeni 2, nyembamba, mm 3–4. Sepali ya chini bapa kama mtumbwi, mm 7–9, inayobana ghafla kuwa mkia mwembamba uliopinda, mm 28–36. Petali ya juu mm 8–10, kishungi chembamba. Jozi za pembeni mm 15–19, ya juu fupi kuliko ya chini. Tunda nene katikati, halina vinyweleo, mm 12–15. Mbegu hazikuonekana.

Angalia kwamba sikuandika jina. Nilijizuia makusudi. Ukishaamua jina, macho huanza kuona kile ambacho jina linataka, na kipimo kisicholingana unakiita kosa la rula.

## Hatua ya 9: Jina, na kuikabidhi

Hebaria ya Afrika Mashariki iko Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Ni maktaba ya mimea iliyokaushwa, mojawapo ya kubwa kabisa barani. Wasiliana nao kabla ya kwenda, ueleze unataka kabati la Balsaminaceae, familia ya balsamu. Uende na karatasi yako, kadi ya ua, chupa, na maelezo yaliyokwisha kuandikwa.

Humo kuna pia juzuu ya Flora of Tropical East Africa, vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, inayohusu familia hii, iliyoandikwa na C. Grey-Wilson na kuchapishwa 1982. Ina ufunguo wa kutambulia spishi, na utaona unauliza yale yale uliyoyapima: majani yamekaaje, maua yana kikonyo cha pamoja, sepali ni bapa au ina kina, mkia una urefu gani. Mmea wangu wa juu uliniongoza hadi Impatiens hochstetteri, balsamu iliyoenea katika misitu ya milimani. Nikafungua karatasi zao, nikaweka yangu kando, nikalinganisha mkia kwa mkia na petali ya juu kwa petali ya juu kabla ya kuandika jina kwa penseli.

Ukikuta vipimo vyako haviingii popote, usivisukume. Andika Impatiens sp., orodhesha visivyolingana, na umwonyeshe mtaalamu wa pale. Balsamu jirani huweza kuzaliana na kuleta machotara, kwa hiyo eleza pia kama uliona aina nyingine karibu na kijito kile.

Acha karatasi moja hebarini na nyingine ubaki nayo. Lebo zote mbili ziwe na nambari moja ya mkusanyaji, ile ile iliyo kwenye kadi, ndani ya chupa, kwenye bahasha ya mbegu, na kwenye ukurasa wa daftari wenye tope la kijitoni.